Somo la 18: Tundu la Parafujo Lililolegea

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza habari za mashine rahisi, yaani wenzo, kabari, kapi na mteremko. Leo tutaitazama mashine nyingine ndogo, ambayo huonekana kila mahali lakini watu huifikiria mara chache. Mashine hiyo ni parafujo, ambayo mafundi wengi huiita skrubu. Parafujo ni msumari wenye hesi. Hesi ni ule ukingo mkali unaouzunguka mwili wa msumari, kuanzia kwenye ncha na kupanda kuelekea kichwani, kama njia inayozunguka mlima.

Tutaichunguza parafujo ndani ya chombo kimoja cha muziki, nacho ni gitaa la umeme. Gitaa la namna hii halina tumbo lenye uwazi kama gitaa kavu. Kiwiliwili chake ni ubao mzito, wenye unene wa milimita 45 hivi, na karibu kila kitu kilichomo katika ubao huo kimeshikwa kwa parafujo. Parafujo moja ikilegea, hasara huweza kuwa kubwa. Mpigaji amesimama mbele ya watu, mkanda uko begani, na kifungo kinachoushika mkanda huo kinachomoka kutoka katika mbao. Gitaa lenye uzito wa kilo 4 linaanguka sakafuni, na shingo inapasuka. Chombo kizima kimeharibika kwa ajili ya tundu ambalo ni jembamba kuliko penseli.

Parafujo ni mteremko uliozungushwa

Jaribio la 1. Chukua karatasi, uikate iwe pembetatu yenye pembe mraba. Upande mmoja unaokutana na pembe mraba uwe na urefu wa sentimita 8, na wa pili sentimita 20. Ukingo wa tatu, ule wa mshazari, upake rangi. Sasa laza upande wa sentimita 8 juu ya penseli, uizungushe karatasi kwenye penseli mpaka iishe. Je, ule mstari wa rangi umekuwaje?

Umeona kwamba mstari ulionyooka umegeuka kuwa hesi. Basi parafujo ni mteremko mrefu uliozungushwa kwenye msumari. Ulijifunza kwamba ni rahisi zaidi kusukuma pipa juu ya mteremko mrefu kuliko kulinyanyua moja kwa moja. Mkono wako ukizungusha bisibisi hufanya kazi ile ile.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mpini wa bisibisi una upana wa milimita 30. Ukiuzungusha mzunguko mmoja, vidole vyako vimesafiri milimita 94 hivi. Kama nafasi kati ya hesi moja na ya pili ni milimita 2, parafujo imeingia milimita 2 tu. Gawanya 94 kwa 2, utapata 47. Kama pasingekuwa na msuguano, nguvu ya vidole vyako ingeongezeka mara 47. Kwa kweli msuguano hula sehemu kubwa ya nguvu hiyo, lakini inayobaki bado ni nyingi sana. Mtoto wa darasa la tano aweza kuubana ubao kwa nguvu kuliko mtu mzima anayeusukuma kwa mikono mitupu. Jambo hili lina faida, na pia lina hatari. Nguvu inayoweza kubana yaweza pia kuvunja kile kinachobanwa.

Mbao hushikaje parafujo?

Chuma cha parafujo hakina gundi. Hushikwa na nyuzinyuzi za mti. (Usichanganye nyuzinyuzi hizi na nyuzi za gitaa, ambazo ni waya zinazopigwa kwa vidole.) Mti ulipokuwa hai, maji yalipanda kutoka mizizini kwa kupitia mirija myembamba sana. Mti ukikatwa na kukauka, mirija na nyuzinyuzi zake hubaki, zimeshikamana ubavu kwa ubavu, na karibu zote huelekea upande mmoja. Tazama fagio la chelewa lililofungwa imara. Mbao ni kama fagio hilo, ila chelewa zake ni nyembamba kuliko unywele, na zimegandamana.

Sasa fikiri parafujo ikiingia kutokea ubavuni mwa fagio hilo, kukata njia kati ya chelewa. Hesi zake hupenya chini ya nyuzinyuzi ndefu, ambazo zimeshikwa huku na huku. Ukiivuta parafujo, ni lazima uzikate au uzinyanyue nyuzinyuzi hizo zote. Kazi hiyo si ndogo.

Kisha fikiri parafujo ikiingia kutokea mwishoni mwa fagio, pale zinapoonekana ncha za chelewa. Hapa parafujo inakwenda njia moja na nyuzinyuzi. Hesi zake huzikata vipande vifupi vifupi, na kila kipande kimeshikwa na jirani zake tu. Ukiivuta, vipande hivyo hung'oka pamoja nayo. Ndiyo sababu seremala mwenye ujuzi hapendi kutia parafujo katika ncha ya ubao. Akilazimika, hutumia iliyo ndefu zaidi.

Gitaa la umeme lina parafujo kama hiyo, na ni ile ile yenye kazi ngumu. Kwa kawaida mbao ya kiwiliwili hukatwa ili nyuzinyuzi zake zielekee kutoka shingoni hadi mkiani. Kifungo kimoja cha mkanda hutiwa mkiani kabisa. Basi parafujo yake huingia katika ncha za nyuzinyuzi, mahali ambapo mbao hushika vibaya. Juu ya hayo, mkanda huivuta kila mpigaji anapogeuka au kucheza. Usishangae ukisikia kwamba tundu la kifungo cha mkiani hulegea mapema kuliko mengine.

Gitaa lililojengwa kwa parafujo

Zamani shingo za magitaa ziliunganishwa na kiwiliwili kwa gundi. Huko Marekani, katika mji wa Fullerton, jimbo la California, Leo Fender alianza kuuza magitaa ya umeme ambayo shingo zake zilishikwa kwa parafujo nne. Alianza mwaka 1950, na mwaka 1954 akatoa gitaa liitwalo Stratocaster, ambalo umbo lake limeigwa duniani kote. Ujenzi huu ulikuwa wa haraka, na shingo iliyoharibika iliweza kubadilishwa kwa bisibisi tu. Magitaa ya umeme yalitumiwa na bendi zetu za dansi pia, kama vile Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) alipata sifa kwa gitaa lake.

Nyuzi sita za gitaa la umeme zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45. Huo ni upungufu mdogo tu kutoka katika mfuko wa saruji wa kilo 50. Nguvu hiyo huvuta mchana na usiku, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani, na upande mmoja huangukia daraja, yaani kile kipande cha chuma ambacho nyuzi hupita juu yake. Daraja nalo limeshikwa kwa parafujo. Kwa hiyo kumbuka sharti hili: kabla ya kufungua parafujo yoyote ya daraja au ya shingo, legeza nyuzi zote kwanza. Waya uliokazwa ukifyatuka huweza kulijeruhi jicho.

Kwa nini tundu hulegea?

Sababu ya kwanza ni kukaza kupita kiasi. Kichwa cha parafujo kikishafika juu ya mbao, parafujo haiwezi kuendelea kuingia. Ukizidi kuizungusha, hesi hukwangua nyuzinyuzi na kuzigeuza unga. Mkono wako huhisi jambo hilo: bisibisi iliyokuwa nzito mara inakuwa nyepesi, na parafujo inazunguka bure. Wakati huo tundu limekwisha haribika, na kuendelea kuzungusha hakutalirudisha.

Sababu ya pili ni kufungua na kufunga mara nyingi. Kila parafujo inaporudishwa hujaribu kukata njia mpya ya hesi karibu na ile ya zamani, mpaka njia zote zikaungana kuwa shimo laini. Kuna dawa rahisi ya jambo hili, nami naona kila mwanafunzi anapaswa kuijua kabla hajapewa bisibisi. Weka parafujo juu ya tundu lake la zamani. Usiikaze. Kwanza izungushe kinyume, polepole, kama unaifungua. Baada ya muda utahisi imeshuka kidogo, na pengine utasikia mlio mdogo. Hapo mwanzo wa hesi umeangukia katika njia yake ya zamani. Sasa kaza. Itaingia kwa wepesi bila kukata kitu.

Hewa nayo ina sehemu yake. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wa nyuzinyuzi. Gitaa lililokaa Tanga, ambako hewa ya bahari ina unyevu mwingi, likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi hubadilika kidogo, na parafujo iliyokuwa imekazwa huweza kukutwa imelegea. Pwani kuna adui mwingine, nayo ni kutu. Jasho la mpigaji na chumvi ya hewani huila parafujo ya chuma, na kutu hiyo huzidhoofisha nyuzinyuzi zinazoizunguka.

Njia isiyofaa

Mtu mwenye haraka huchukua parafujo nene zaidi na kuitia kwa nguvu katika tundu lilelile. Mara nyingine hufaulu. Lakini parafujo nene ni kabari. Ikiingia katika tundu lililo karibu na ukingo, huzisukuma nyuzinyuzi pande mbili na kuupasua ubao. Tena kichwa chake kikubwa hakitakaa katika tundu la chuma la kifungo au la daraja. Na siku hiyo nayo ikilegea, tundu litakuwa pana zaidi kuliko mwanzo.

Wengine humimina gundi peke yake ndani ya tundu. Gundi nyeupe ya mbao ina maji mengi. Maji yakikauka, gundi hupungua na kuacha nafasi. Gundi hiyo ni nzuri sana kwa kuunganisha mbao na mbao zinazogusana, lakini haifai kuwa badala ya mbao. Kilichopotea katika tundu ni nyuzinyuzi, basi tunapaswa kurudisha nyuzinyuzi.

Kulitengeneza tundu

Kwa tundu dogo tunahitaji njiti za kiberiti, gundi nyeupe ya mbao, kisu kikali, kitambaa chenye unyevu, mshumaa, keekee ndogo na bisibisi. Kazi ya kisu na keekee ifanywe mwalimu akiwapo.

Ondoa parafujo na kile ilichokuwa imekishika. Geuza gitaa ili unga wa mbao uanguke nje. Usiupulize ukiwa umelisogelea tundu, maana unga huo utakurudia machoni. Kisha ingiza njiti moja mpaka ifike mwisho, uitie alama ya kucha pale inapotokea. Sasa unajua kina cha tundu. Kata vichwa vya njiti zote na kuvitupa mbali na moto, kwa sababu dawa ya kiberiti si mbao na haishiki gundi vizuri.

Paka gundi ndani ya tundu na juu ya njiti. Ziingize moja moja mpaka zijae na kubanana. Ya mwisho iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, isipigwe nyundo. Ukumbuke kabari. Gundi iliyofurika ifute mara moja kwa kitambaa, kwani ikikauka juu ya rangi ya gitaa itaacha doa. Hapo maji ya gundi huingia katika mirija ya njiti na ya ubao, yakichukua gundi pamoja nayo. Maji hukauka, gundi hubaki imejikita pande zote mbili. Acha gitaa kwa saa 24. Wanafunzi wengi huharibu kazi hii kwa kutosubiri tu.

Kesho yake kata njiti ziwe sawa na uso wa ubao. Toboa tundu jipya katikati. Tundu hilo lisiwe na upana wa parafujo nzima, bali upana wa shina lake, yaani ule mwili ulio kati ya hesi. Tundu likiwa jembamba mno, mbao itapasuka au parafujo itakatika. Likiwa pana mno, hesi hazitapata cha kushika. Funga uzi au karatasi ya gundi kwenye ncha ya keekee kuonyesha kina, usije ukatokea upande wa pili wa gitaa. Sugua hesi kwa nta ya mshumaa ili kupunguza msuguano. Watu wengi hutumia sabuni, lakini sabuni huvuta unyevu na unyevu huleta kutu, kwa hiyo nta ni bora. Kisha kaza kwa mkono, na kichwa kikishakaa, acha.

Kwa tundu la kifungo cha mkanda, njiti za kiberiti hazitoshi sana, kwa kuwa zimetengenezwa kwa mti laini. Fundi hulipanua tundu hilo kwa keekee ya milimita 8 au 10 mpaka liwe safi na la mviringo, akaziba kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi. Hapa yafaa kufikiri. Kijiti cha kawaida huchongwa kwa urefu wa nyuzinyuzi. Kikitiwa tunduni, parafujo itaingia tena katika ncha zake, na udhaifu ule ule utarudi, ingawa mbao ngumu itasaidia. Fundi bora hukata kizibo kutoka katika ubao mnene, akikichonga kwa kukatisha nyuzinyuzi, ili parafujo iingie ubavuni mwake. Kizibo hicho ni kigumu kukichonga, nacho huvunjika upesi kabla hakijagundishwa. Lakini kikishakauka ndani ya gitaa, hesi hupata nyuzinyuzi zinazokatisha njia yake.

Mti gani utumike? Mninga unafaa. Waweza kudhani kwamba mpingo ungefaa zaidi, kwa kuwa ni mgumu kuliko miti yetu karibu yote, na ni mzito hata huzama majini. Viwanda vya ng'ambo huununua ili kutengenezea zumari za kizungu ziitwazo klarineti. Lakini mpingo una mafuta yake ya asili, na mafuta huizuia gundi isiingie. Kizibo chake chaweza kung'oka kizima.

Jaribio la 2. Tafuta kipande cha mbao laini, kama msonobari, chenye unene wa sentimita 5. Toboa tundu jembamba ubavuni mwake, utie parafujo yenye urefu wa sentimita 3, uikaze mpaka kichwa kifike. Endelea kuikaza mpaka uhisi inazunguka bure. Itoe, utazame hesi zake. Je, kuna nini kati ya hesi? Sasa zungushia waya chini ya kichwa cha parafujo na kuirudisha katika tundu lake. Weka kipande cha mbao juu ya madawati mawili, kichwa cha parafujo kikitazama chini, mwenzako akikishika imara. Tundika ndoo katika waya, sentimita 5 tu juu ya sakafu, na miguu yenu iwe mbali. Mimina maji lita moja moja. Kila lita ina uzito wa kilo 1. Andika parafujo ilichomoka baada ya lita ngapi. Pengine haitaweza kuibeba hata ndoo tupu. Litengeneze tundu kwa njiti na gundi, subiri hadi kesho, ujaribu tena kwa ndoo ile ile. Linganisha hesabu hizo mbili. Kisha rudia kazi yote, ila safari hii tundu liwe katika ncha ya ubao.

Maswali

1. Ni mashine rahisi ipi iliyozungushwa ili kupata parafujo? Eleza jinsi ulivyoonyesha jambo hilo kwa karatasi na penseli.
2. Bisibisi ina mpini wenye upana wa milimita 20, na nafasi kati ya hesi ni milimita 2. Bila kuhesabu msuguano, nguvu ya vidole huongezeka mara ngapi?
3. Chora ubao, uonyeshe uelekeo wa nyuzinyuzi. Chora parafujo mbili, moja mahali inaposhika vizuri na nyingine mahali inaposhika vibaya.
4. Kwa nini vichwa vya njiti za kiberiti hukatwa kabla ya kutiwa katika tundu?
5. Tafuta nyumbani au shuleni bawaba ya mlango iliyolegea. Chunguza parafujo zake. Je, ni kutu, ni ubovu wa mbao, au ni tundu lililochakaa? Mweleze mwalimu wako ungeitengeneza kwa njia gani, na kwa nini.